Mgongo wa Dasom

Mimi na Pyo Dasom tuliajiriwa siku moja, mwezi wa tatu, katika wodi ya mifupa ya hospitali moja pale Mokpo, kusini mwa Korea. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka chuoni moja kwa moja. Yeye alikuwa na ishirini na saba, kwa hiyo nilimwita dada tangu asubuhi ile ya kwanza.

Tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo. Alipoinua mikono avae sare, nikaona amejifunga mkanda mpana mweusi kiunoni, ule wenye vyuma kwa nyuma, ambao wagonjwa wetu huvaa wakishapasuliwa. Akajua nimeona. Akashusha sare taratibu, akafunga kabati, kisha akanigeukia kwa mwili mzima, si kwa shingo tu.

"Inhye, hujaona kitu," akasema.

Nikamwambia sijaona kitu. Ndivyo nilivyoingia katika siri yake, kwa maneno mawili tu, bila hata kuuliza ni siri ya nini.

Mengine alinieleza polepole, siku tulipokuwa tunatoka zamu pamoja na kupitia kula tambi baridi karibu na stesheni. Kwao ni Wando, kisiwani, ambako mama yake anauza vitoweo vya kusindika sokoni: kimchi, mwani, ngisi wa pilipili. Shuleni Dasom alikuwa mnyanyua vyuma, wa pili katika mkoa mzima. Akiwa na miaka kumi na minane, mazoezini, alipoinua uzito ambao alikuwa ameuinua mara mia, alisikia kitu kama kijiti kikavu kikivunjika ndani yake. Diski ya kiunoni ilikuwa imetokeza na kubana mshipa wa fahamu, na mguu wa kushoto ukafa ganzi. Alipasuliwa, akalala hospitalini wiki tano. Kocha alikuja mara moja na boksi la mapeasi, hakurudi tena. Wenzake wa timu walikuwa na mashindano.

Katika wiki ya tatu, muuguzi mmoja, ambaye Dasom hakuwahi kulijua jina lake, alikuja na beseni la maji ya moto akamwosha nywele palepale kitandani. Hakuna aliyemwagiza. Dasom alisema alilia hadi maji yakapoa, yule muuguzi akaenda kuleta mengine. Baada ya hapo alikaa miaka minne akiuza simu dukani, lakini lile beseni halikumtoka kichwani. Mama yake alipinga. Akasoma uuguzi hivyohivyo.

Fomu ya ajira ilikuwa na swali: umewahi kuumia au kutibiwa mgongo? Yeye akatia alama kwenye hapana.

"Ningeandika ndiyo," aliniambia, "sasa hivi ningekuwa namwuzia mtu kava la simu."

Sikumlaumu. Kati yetu sisi tulioajiriwa mwaka ule, sijui ni nani ambaye hakuwa na jambo aliloliruka kwenye fomu ile.

Wodi yetu ilikuwa ya aina ile ambayo ndugu hawaruhusiwi kulala na mgonjwa. Kulisha, kuosha, kubadilisha nepi, kugeuza, yote yetu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya matakoni na visiginoni huoza. Na sheria ilisema kugeuza ni kazi ya watu wawili. Kila kitanda kilikuwa na karatasi miguuni, yenye saa za kugeuza na nafasi mbili za sahihi. Nitasema ukweli kuhusu karatasi hiyo, maana bila hiyo habari hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa. Tulikuwa tunaitia sahihi saa moja asubuhi, zamu inapoanza, mistari yote ya siku nzima. Mwenye nafasi ya kwanza alikuwa yule aliyepangiwa mgonjwa. Ya pili alitia yeyote aliyekuwa karibu. Baada ya hapo kila mtu alikwenda kugeuza peke yake, kwa sababu tulikuwa wachache na vitanda vilikuwa thelathini na nane.

Aliyetufundisha kazi alikuwa Mwalimu Tak. Wauguzi wa kwetu huitana mwalimu, hata wakichukiana. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka kama arobaini na mitano, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Akikusifu na akikusema, ilikuwa sauti ileile, ila kusifu kulikuwa nadra. Dasom alimkera tangu mwanzo. Alikuwa mzuri wa sindano na wa dawa, hakukosea kipimo hata kimoja, lakini alikuwa mzito kuinuka na alipiga magoti kila kitu kilipoanguka badala ya kuinama.

"Unamwabudu nani hapo chini?" Mwalimu Tak alimwuliza siku moja mbele ya wodi nzima.

Dasom aliomba radhi, akaokota kalamu, akasimama kwa kushika ukingo wa kitanda. Mimi nilijua kwa nini. Nikaendelea kupanga vidonge.

Mgonjwa aliyempenda Dasom kuliko wote alikuwa Mzee Bang, ingawa kwa namna yake. Alikuwa na miaka sabini na tisa, kazi yake maisha yote ilikuwa kwenye mashamba ya chumvi ya Jeungdo, na kifua chake kilikuwa kipana kama mlango. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akawekewa ya bandia. Alikuwa na kilo themanini na nane na alichukia kuguswa.

"We binti," alimwambia Dasom wiki ya kwanza, "mbona unatembea kama umemeza ufagio?"

"Na wewe mzee mbona unalala kama umemeza godoro?" Dasom akamjibu. "Haya, tugeuke."

Chumba kizima kilicheka. Tangu hapo akamwita Binti Ufagio, na hakukubali kunywa dawa mpaka Binti Ufagio aje.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa tano, mchana, mvua inanyesha. Wagonjwa wawili walirudishwa kutoka chumba cha upasuaji kwa wakati mmoja, na Mwalimu Tak alikuwa nao. Binti wa Mzee Bang alikuwa akija kutoka Gwangju kila Alhamisi saa nane kamili. Kama saa saba na nusu, Dasom alipopita, alisikia harufu. Mzee alikuwa amejichafua na hakubonyeza kengele. Alikuwa amelala ameukazia macho ukuta.

"Okran anakuja," akasema kwa sauti ndogo. "Asinikute hivi."

Dasom akatokea ukumbini akaniita. Mimi nilikuwa na mgonjwa aliyechomoa dripu, damu imetapakaa sakafuni. Nikamwambia nakuja, dada, dakika mbili. Na kweli nilimaliza baada ya dakika nne au tano. Kisha nikaenda kwenye meza yetu, nikanywa maji, nikakaa. Sikuwa nimeonja kitu tangu alfajiri, na miguu ilikuwa inawaka moto. Nilikumbuka kwamba ananisubiri. Nikajiambia: aliwahi kuinua vyuma yule, mzee mmoja hamshindi. Nikaendelea kukaa.

Mkanda nilikuwa nimeuona mwenyewe kwa macho yangu. Lakini uchovu una namna yake ya kukufanya uamini linalokufaa.

Yaliyotokea chumbani niliambiwa baadaye na wote wawili. Dasom alisubiri mpaka saa nane kasoro robo. Kisha akaweka mto katikati ya miguu ya mzee, akamvuta kumgeuzia kwake, akamfuta, akaanza kutoa shuka chafu. Mzee alipojiona yuko ukingoni aliingiwa na hofu. Akamshika Dasom shingoni kwa mikono miwili, akamning'inia kwa uzito wake wote. Pale pale mgongo ukakatika, hivyo ndivyo alivyosema, ukakatika kama umeme, na mguu wa kushoto ukapotea.

Angeweza kumwachia. Angemwachia, mzee angeviringika hadi chini na nyonga mpya ingechomoka. Kwa hiyo aliegemeza kifua kwenye chuma cha kitanda, akakaza goti la kulia, akabaki pale amemshika, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Binti, umekuwa mweupe," mzee akamwambia.

"Mkono mmoja usiachie, mzee. Wa pili ubonyeze kengele."

Mzee akabonyeza na hakuacha kubonyeza. Mimi na Mwalimu Tak tulipofika mbio, tukamkuta Mzee Bang nusu uchi, kavu na msafi, amemkumbatia muuguzi wake, na muuguzi jasho linamchuruzika kidevuni.

"Anzeni na huyu," mzee akasema. "Mimi sina neno."

Tulimlaza mzee, kisha tukahitaji watu wanne kumfikisha Dasom kitanda cha jirani kilichokuwa wazi. Hakupiga kelele. Alikuwa anapumua kwa meno. Mwalimu Tak akamfungua vifungo apate hewa, akakuta mkanda, na alipoulegeza akaona kovu, refu kama kidole cha kati. Akaliangalia muda mrefu.

"Nani alijua?" akauliza.

Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

Saa nane kamili, tukiwa tumemvutia Dasom pazia na mwenzetu mmoja ameshamvisha mzee, Okran akaingia na kikapu cha stroberi, mwavuli unamdondoka maji. Akamkuta baba yake amevaa shati safi, nywele zimechanwa. Akatuinamia, akatushukuru sana, akatugawia stroberi. Tukazipokea.

Picha zilionyesha kwamba diski ileile imetokeza tena, ila si kama mara ya kwanza. Daktari alisema hapasuliwi kwa sasa. Apumzike wiki mbili, na kwa miezi mitatu asinyanyue kitu kizito. Mama yake akaja kutoka Wando na sufuria ya uji wa chaza, akalala naye katika kile chumba chake kimoja cha kupanga.

Nilikwenda kumwona siku ya nne. Dasom alikuwa amelala sakafuni, miguu juu ya kiti. Mama yake alinipa uji kabla hata sijakaa, akanieleza huku akipiga pasi kwamba ana mtoto mmoja, na mtoto huyo ana mgongo mmoja, na watu wameshauvunja mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya medali, mara ya pili kwa ajili ya mzee wa watu. Dukani kwake kuna kiti na kivuli. Atamrudisha nyumbani mwisho wa mwezi. Dasom hakumbishia. Mama alipotoka kwenda kununua mayai, nikaweka bakuli chini.

"Dada," nikasema, "siku ile nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimekaa tu."

Aliangalia dari.

"Najua. Mlango ulikuwa wazi, niliona viatu vyako chini ya meza."

Nikamwuliza kwa nini hakuniita tena. Akasema mtu mwenye siri haombi mara mbili. Anaogopa watu watashangaa kwa nini anaomba. Nikamwuliza kama amenikasirikia. Akasema alikasirika siku mbili nzima, lakini hasira inataka mtu ajigeuzegeuze kitandani, na yeye kujigeuza hawezi. Akacheka, halafu akashika kiuno kwa sababu ya kucheka. Mimi nililia, yeye akanisukumia boksi la tishu kwa ncha ya mguu.

Jumatatu iliyofuata tukaitwa ofisini kwa Sista Mkuu Ma. Alikuwepo yeye, bwana mmoja wa idara ya watumishi, Mwalimu Tak, Dasom akiwa amesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kunamwumiza zaidi, na mimi. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa fomu ya ajira, ile yenye hapana. Dasom akakiri kwamba alama ni yake na kwamba alijua anachofanya.

Ya pili ilikuwa karatasi ya Mzee Bang. Akasoma kwa sauti: saa saba na nusu, mgonjwa amegeuzwa na wauguzi wawili, Pyo Dasom na Seol Inhye. Basi, akasema, sheria ya wodi ilifuatwa na kazi haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ugonjwa uliofichwa. Kwa hiyo hospitali ina haki ya kuvunja mkataba, na itakuwa vyema muuguzi aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi. Akaziweka karatasi moja juu ya nyingine.

Chumba kile, kila mtu alijua isipokuwa yeye. Sista Mkuu alijua, alikuwa muuguzi miaka thelathini. Nikamwangalia Dasom. Alikuwa anaangalia mikono yake. Nikaelewa kwamba hatasema. Ningenyamaza, angeondoka, na mimi ningerudi kazini mchana huohuo nikiwa sina doa.

"Sikuwepo," nikasema.

Yule bwana akaniuliza kama sahihi ni yangu.

"Ni yangu. Niliitia saa moja asubuhi. Saa saba na nusu aliniita, sikwenda. Alimgeuza peke yake."

Sista Mkuu akauliza, kama asiyetaka jibu, ni mara ngapi nimefanya hivyo. Nikasema kila siku tangu nianze kazi. Nikangoja Mwalimu Tak anirukie. Badala yake akasimama, akaongea kwa sauti ileile ya siku zote, kana kwamba anakabidhi zamu.

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Na mimi nilifundishwa hivyohivyo. Leteni karatasi za miaka ishirini, niwaonyeshe ni wapi nilikuwa peke yangu." Kisha akamgeukia Dasom. "Wewe ulidanganya, na ungemwangusha yule mzee. Hilo sitalisahau leo wala kesho. Lakini ulidanganya mara moja. Sisi tunadanganya kila baada ya saa mbili."

Bwana wa watumishi akavua miwani. Akasema atahitaji muda.

Ilichukua siku tisa. Mwishowe tulipewa barua za onyo, sisi watatu. Dasom akabakizwa kazini, ila ahamishiwe kliniki ya wagonjwa wa nje kwa miezi mitatu, kisha apimwe upya. Wodi ikaongezewa muuguzi mmoja wa mchana. Sista Mkuu alikuwa ameomba wanne. Na karatasi za kugeuza zikaanza kukaguliwa bila taarifa.

Nisidanganye kwamba watu walinishangilia. Kugeuza kwa kweli kwa watu wawili kulituchelewesha kutoka, na wenzangu walijua ni kwa ajili ya mdomo wa nani. Mwezi mzima nilikula chakula cha mchana pembeni ya meza. Siku moja Mwalimu Tak, akipita na sinia lake, akadondosha kipande cha samaki wa kuchoma juu ya wali wangu, akaenda zake kukaa mbali. Hakuniangalia. Siku iliyofuata mtu mmoja akasogeza kiti.

Mama yake Dasom alirudi Wando peke yake. Walikuwa wamegombana siku tatu, Dasom aliniambia, kisha usiku wa mwisho mama akampima kiuno kwa mikono yake, akamfunga mkanda vizuri kuliko alivyojifunga mwenyewe, na hawakuongea tena habari ya duka.

Mwezi wa saba Mzee Bang alikuja kliniki kupimwa, anatembea kwa kusukuma fremu, Okran nyuma yake. Aliyekuwa anaita majina mlangoni alikuwa Dasom. Mzee akasimama mbele yake bila kuendelea, foleni nzima ikangoja.

"Mgongo je?"

"Upo, mzee. Nyonga?"

"Ipo." Akatafuna ufizi kidogo. "Nilikukaba shingo kama mtu anayezama. Kila nikilala nakumbuka."

"Ulikuwa unaanguka, mzee. Ungeshika nini kingine?"

Okran akauliza wanazungumzia nini. Baba yake akamwambia ni mambo ya wodini, hayamhusu. Lakini Dasom akamwomba wakae pembeni, akamweleza yote, pamoja na fomu. Okran alisikiliza hadi mwisho. Alisema tu kwamba angependa kujua siku ileile, kisha akamshika mkono na kuushikilia kwa muda.

Mwezi wa tisa Dasom alirudi wodini kwetu, ghorofa ya sita, kwa masharti. Maumivu hayakuwa yameisha na daktari hakumwahidi kwamba yataisha. Siku za mvua alikuwa analala sakafuni kwenye chumba cha chai dakika kumi, na sisi tulimruka kwa uangalifu tukienda kuchota maji ya moto. Mkanda aliuvaa juu ya sare, kila mtu auone. Wiki ya pili Mwalimu Tak alimwuliza ameununua wapi, na kama kuna saizi ndogo. Hakusema ni wa nani.

Mimi niliolewa mwaka uliofuata, nikahamia Gwangju, nikapata kazi ya kliniki ya watoto. Kati ya wote tulioanza pamoja, aliyebaki kwenye wodi ile ni yeye peke yake. Siku hizi ndiye anayewapokea wauguzi wapya. Nilimpigia mwezi uliopita kumjulia hali, akasema mgongo umekuwa mkali wiki nzima, na pia kwamba ana jambo la kunisimulia.

Kila mwaka, akasema, huwauliza wapya kama kuna mwenye tatizo lolote la mwili ambalo angependa Dasom alijue. Kila mwaka wote hutikisa kichwa kukataa, na yeye hawalaumu. Mwaka huu pia walitikisa kichwa. Lakini wenzake walipotoka, msichana mmoja alibaki anajifanya anafunga kiatu, kisha akamwambia sikio lake moja halisikii tangu utotoni na hakuliandika popote.

Nikamwuliza alimjibu nini.

"Nilimwuliza ni sikio lipi," Dasom akasema, "nijue nisimame upande gani nikimfundisha."